Mfalme Huwanawisha Wageni Wake

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja pale Kilimani, miaka michache baada ya uhuru. Wakati ule nyumba zilikuwa chache, kila moja imejificha nyuma ya ua wake, na mtu angeweza kutembea kutoka Adams Arcade hadi kazini kwake bila kusalimiwa na yeyote isipokuwa mbwa.

Nilikuwa kijana mwenye haya. Nilikuja Nairobi kutoka Butere na elimu ya shule ya msingi, nikapata kazi ya bustani na jikoni kwa mzee mmoja mgane, mke wake amekufa, watoto wake wako Uingereza. Mzee huyo alizaliwa kisiwa cha Seiloni, kile kinachoitwa Sri Lanka siku hizi, na maisha yake yote alifundisha hesabu. Mimi nilimwita Mwalimu. Jumapili nilikwenda kanisani Woodley, nikakaa benchi la nyuma, nikarudi bila kusema na mtu. Yeye alikaa verandani akitazama lango ambalo halikufunguliwa na mgeni. Upweke wake na wangu uliishi kiwanja kimoja, lakini haukujuana.

Jioni nikimwagilia maua alinifundisha. Dini yake ilikuwa ya Budha, na katika dini hiyo wafalme wa zamani walipewa sheria kumi. Majina aliyoyatumia sikuweza kuyashika, ila maana yake ninayo mpaka leo. Mfalme atoe. Awe mnyoofu na mpole. Akubali kukosa ili wengine wapate. Asikasirike, asiumize, avumilie, wala asishindane na mapenzi ya watu wake. Siku moja nilimwuliza, "Mwalimu, mimi ni mtu wa jembe. Sheria za mfalme nitazipeleka wapi?"

"Mbwa wangu anakula kwa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Basi huyo ni raia wako wa kwanza. Anza na yeye."

Sasa sikiliza habari ya asubuhi ile. Ilikuwa siku ya kumkumbuka mkewe. Kwa desturi yao, siku kama hiyo hupikwa chakula wakapewa watawa wa dini yao, nao hula kabla ya saa sita mchana, na baraka ya kile chakula humwendea marehemu. Nairobi ile Mwalimu hakumjua mtawa hata mmoja. Miaka iliyopita alikuwa ameketi tu, siku ikapita. Mwaka huo aliamua kwamba wafanyakazi wa barabara yetu ndio watakuwa wageni wake. Tulipika tangu alfajiri, wali, dengu, mabilinganya katika tui la nazi. Alivaa nguo nyeupe, akaniambia, "Mimi leo ikishapita saa sita sili tena mpaka kesho. Hao wageni nao, wasipokuja kabla ya saa hiyo, mke wangu atakuwa hakupata kitu mwaka huu pia. Nenda uwaite."

Mwanangu, kumtuma mwenye haya kuita watu ni kumtuma kiwete kukimbiza swala. Nilikwenda lango la jirani, ambako mlinzi aliitwa Mzee Shiundu, mtu wa magharibi kama mimi. Karibu naye alikaa Mama Njeri wa Dagoretti, mwuza viazi na sukuma wiki. Nilitazama viatu vyangu nikasema, "Mwalimu anasema mje kula."

"Anasema?" Shiundu aliuliza. "Kwani amekuwa chifu?"

"Kuna chakula. Ni ya mke wake."

"Mke wake si alikufa?"

"Ndiyo."

"Basi wewe, umesikia wapi marehemu anaalika watu? Mimi niko na watoto."

Mama Njeri alicheka. "Mimi wacha niuze hii gunia kwanza. Nikienda kula na wafu, nani atabaki na viazi?"

Walinzi wa ng'ambo ya barabara walisikia, nao wakacheka. Nilirudi masikio yanawaka moto. Nilimkuta Mwalimu akipanga sahani juu ya meza ndefu, akizifuta moja moja kwa kitambaa.

"Hawaji," nikasema. "Ni watu wajinga. Hiki chakula tumpe mbwa."

Hakupaza sauti. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Aliweka kitambaa chini akasema, "Mfalme akiwakasirikia wageni waliokataa kuja, karamu ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya wageni au ilikuwa ya mfalme?" Kisha akaniuliza, "Uliwaambia nini?"

"Kwamba Mwalimu anasema waje."

"Hiyo ni amri. Amri haina ladha, hata ukiitia nazi. Kwenu mtu akifiwa, anaitaje watu?"

Wazee walisema hasira hasara, na hasara yangu ilikuwa karibu kukamilika, maana jua lilikuwa limeshapanda. Lakini swali lile lilinirudisha nyumbani. Nilimwona mama yangu mwaka aliokufa nyanya. Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwa majirani, kichwa kimefunikwa kwa leso, akasema, "Njooni mnisaidie." Nao wakaja, wakala, wakamtaja nyanya kwa jina, wengine wakacheka wakikumbuka ukali wake. Hakuna aliyeogopa chakula.

Nilirudi langoni. Safari hii nilimtazama Mzee Shiundu usoni.

"Baba," nikasema, "yule mzee amefiwa, na hapa hana ukoo. Tangu mama mwenye nyumba afe hakuna mtu amekuja kukaa naye. Amepika. Njoo utusaidie."

"Hakuna mtu alikuja matanga?"

"Hakuna."

"Hata wa kanisa?"

"Hana kanisa hapa."

Shiundu alimgeukia Mama Njeri. "Umesikia? Na sisi tunapita hapa kila siku."

"Mbona hukusema ni matanga?" Mama Njeri aliniuliza, huku akifunika viazi vyake kwa gunia. "Unakuja na 'anasema, anasema' kama karani."

Yeye ndiye aliyewaita wale wa ng'ambo. Walikuja wakinyata, wakataka kukaa chini, kwenye ngazi. Mwalimu aliwaonyesha viti, kisha akachukua jagi na beseni ili awanawishe. Shiundu aliificha mikono nyuma.

"Hapana, mzee. Huyu kijana ndiye atatunawisha."

Mwalimu hakubishana naye. Alisimama tu, ameinama, jagi mkononi. Tulingoja. Nilitaka kulichukua lile jagi, naye akanizuia kwa macho. Mwishowe Shiundu alitoa mikono, moja kwanza, kisha ya pili.

Kabla ya kula aliuliza kama anaweza kuomba kwa njia ya Kikristo, kwani hakujua nyingine. Mwalimu akasema nyumba ni ya wageni.

"Mama aliitwa nani?"

"Somawati."

"Mungu," Shiundu akasema, "huyu ni Mama Somawati. Sisi ni majirani wake. Tumechelewa."

Mwalimu aligeuka akatazama bustani kwa muda. Halafu akaanza kupakua. Walikula kabla ya saa sita, naye kila sahani ilipopungua aliiongeza kwa mkono wake, na Mama Njeri alikuwa na maswali mengi kuhusu lile bilinganya. Saa ya ukutani ilipolia saa sita, sahani ya Mwalimu ilikuwa bado safi. Mimi peke yangu ndimi niliyejua maana yake. Alinyanyua sahani ile, akairudisha kabatini, akaenda kuwaongezea wageni maji ya kunywa.

Mwanangu, leo nina umri aliokuwa nao Mwalimu, na wengi walioniita kwa jina langu la utotoni wamekwenda. Kwa hiyo nakusihi jambo hili nikijua uzito wake. Kutoa ni moyo, si utajiri, lakini moyo unaotoa kwa kuamuru bado haujatoa. Mahali utakapopewa watu chini yako, iwe ni ofisi au jiko au watoto wawili, hapo ndipo ufalme wako. Inama kabla hawajainama. Mtu akikukatalia, usimwite mjinga, kajiulize ulimwitaje. Akitaka kuomba kwa njia yake, mwache aombe. Na ukikosa ili mwingine apate, usimtangazie. Tena mtazame yule anayeishi peke yake jirani yako. Usingoje akuite, huenda naye ana haya.

Mungu akupe meza isiyokosa mtu, na mikono isiyoona aibu kushika jagi. Ukifiwa, majirani wasichelewe. Na siku jina langu litakapobaki la kutajwa tu, litajwe mahali watu wanapokula.