Ng'ombe Mwenye Mimba Hachomwi

Juzi, katika kituo cha afya kule Lushebere, mfugaji mmoja alisimama kati ya mke wake mjamzito na muuguzi aliyeshika sindano, fimbo yake ya kuchungia ikiziba njia.

“Mama, ng'ombe iko na mimba hatuichomake sindano. Yangu zilichomwa, zikatoa mimba.”

Sisi wa kwenye benchi tukacheka. Muuguzi hakucheka.

“Papa, unasema kweli. Kuko chanjo ya ng'ombe yenye iko na vijidudu hai, njo inatoaka mimba. Hii ya tetanosi haina kijidudu hai hata kimoja. Tunachomaka bamama wenye mimba, juu mutoto asishikwe na tetanosi akishakatwa kitovu.”

Mfugaji akamtazama mkewe, kisha akashusha fimbo.

“Basi umuchome polepole. Ng'ombe nilipata zingine. Huyu iko mumoja tu.”

Mkewe akatoa mkono, huku akitabasamu. “Na wewe angalia kule, usianguke.”

Redioni nimesikia maneno mengi matamu ya mapenzi. Hakuna lililonigusa kama hilo la mtu aliyemlinganisha mkewe na ng'ombe.