Furaha ya Shangazi kwa Kiingereza

Shangazi yangu, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kuogopa watu. Mteja mwenye maneno mengi alipimwa kiuno, akasomewa namba kwa sauti, akanywea. Lakini mbele ya Fundi Waya, yule fundi umeme wa mtaa wa pili, ulimi ulimganda. Mapenzi yao yote yalikwenda kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, aliniambia, ni kama kuoga mlango wazi.

Basi asubuhi moja Waya alikuja kupunguziwa suruali, akamuuliza kwa Kiingereza: akimuoa, yeye Shangazi atajisikiaje? Shangazi akaomba apewe mpaka jioni, akanikimbilia mimi, mwalimu wa Kiingereza, pini bado zimejaa kifuani.

"Nipe neno, mwanangu. Lenye uzito wake."

Nikajitia ujuzi. "Glad" ni furaha ya kusikia mgeni wako kafika salama. "Happy" ni ya kila siku, unatoka nayo popote. "Delighted" inacheka mpaka magego. "Ecstatic" imeshapanda juu ya meza. Na "content" ni furaha iliyoketi ikatulia, haidai kingine.

"Hilo hilo!" akapiga makofi. "Kingine nakitakia nini?"

Jioni akamwambia: "I will be content." Waya akachukua suruali yake, akaaga, na hakupita tena dukani. Shangazi akaanza kushona mifuko nje ndani. Ikabidi nimfuate mwanaume mwenyewe.

"Bosi wangu wa zamani alikuwa na neno hilo," akaniambia kwa unyonge. "Alilitoa kwa kazi isiyo mbovu wala nzuri. Shangazi yako atanivumilia tu. Mimi sitaki kuvumiliwa."

Nilipozifikisha habari hizo, Shangazi aliacha sketi ya watu chini ya sindano, akatoka mbio, utepe wa kupimia shingoni, nami nyuma nikicheka na kuogopa kwa pamoja. Tulimkuta Waya juu ya ngazi, anafunga taa mbele ya duka la dawa.

"Wewe mwanaume!" Shangazi akapaza sauti, kwa Kiswahili, foleni nzima ya wanunuzi wa dawa ikageuka. "Nakupenda! Ukinioa nitafurahi mpaka niwatie watu aibu! Umesikia?"

Bisibisi ikadondoka. Waya akaikumbatia ngazi, machozi yanamtiririka.

"Sikusikia vizuri," akasema, mwongo mkubwa yule. "Hebu rudia."

Shangazi akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.