Nyumba Tuliyoambiwa Ni Choo

Kaka yangu alikuwa mpiga zumari, na watu wa Takaungu mpaka Mambrui walimjua kwa pumzi zake. Zumari haina mahali pa kupumzika. Mpigaji huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakisukuma nyingine nje, na wimbo haukatiki. Kaka aliweza kupiga tangu bwana arusi anatoka kwao mpaka anafika mlangoni kwa mke. Mimi nilimpigia ngoma. Anayetaka kujua ni nani waliomuua, na aanzie hapo kwenye pumzi.

Wa kwanza ni Bwana. Alikuwa Mzungu mwenye shamba la mpira upande wa Malindi, akatusikia arusini, akatwambia Ulaya wako watu watakaokaa kimya kutusikiliza. Alisema kweli, walikaa kimya. Alichoacha kusema ni kwamba atatuvisha ngozi za chui, sisi watu wa kanzu, na kwamba baridi ya huko haibishi hodi.

Wa pili ni mkalimani, mzee wa Kizungu aliyewahi kufundisha watoto kusoma huko Kaloleni. Kwao ni nchi ya Wafini, ambayo siku hizo ilitawaliwa na Mrusi. Kiswahili chake alikitoa kitabuni. Maneno alikuwa nayo, lakini hakukaa na watu akajua yanakaa vipi vinywani mwao.

Tulifika Kuopio majani ya miti yakiwa yamegeuka manjano. Sisi tukiuita Kwopyo, na wenyeji wakicheka. Mji uko ukingoni mwa ziwa, na ziwa limejaa visiwa hata hujui mwisho wa maji ni upi. Kaka aliinama gatini, akachota kwa kiganja, akaonja.

"Halina chumvi," akasema. "Bahari ya mgonjwa hii."

Mgonjwa alikuwa yeye. Kikohozi kilimshika tangu melini, kikashuka kifuani, kikakaa. Akikohoa alishika zumari mkononi kana kwamba ndiyo inayoumwa.

Katika meli ya ziwani tulikuwa tumepewa mkate mweusi uliookwa na vitu ndani. Kaka aliuliza ni vitu gani. Mkalimani akajibu, "Samaki." Tukala. Kaka alipofika katikati akavuta kipande cheupe cha mafuta, akakinusa.

"Na huyu, bwana, ni samaki gani?"

"Ah, hiyo ni nguruwe kidogo. Ya kulainisha."

"Nguruwe kidogo!" Kaka akaenda ubavuni mwa meli akatapika mpaka machozi yakamtoka. Tangu hapo kila alichosema yule mzee, kaka alikisikiliza kama mtu anayekagua nyama ya kununua.

Basi tulipoteremka tukawa twatafuta pa kulala. Karibu na gati ilikuwapo nyumba ya wageni. Mwenyewe alitoka, akatutazama kuanzia kofia mpaka makubadhi, akasema vyumba vimejaa. Bwana akapata chumba papo hapo. Mwenye nyumba yule naye yumo katika hesabu yangu, ila simtii uzito sana. Alifunga mlango wake mchana kweupe, kila mtu anaona.

Tukapelekwa kwa bibi mmoja mjane ambaye ua wake ulishuka mpaka majini. Nyumba yake kubwa ilikuwa na wapangaji tele, lakini uani alikuwa na nyumba mbili ndogo. Bibi akasema akituonyesha kwa mkono, na mkalimani akafasiri.

"Bibi asema mna hiari. Kuna nyumba ya kiangazi, hii hapa yenye vioo. Na kule chini kuna choo."

"Choo?" kaka akauliza.

"Choo cha kuogea. Yeye apenda mlale kule. Asema ni kuzuri kwa mtu wa kifua."

"Umemsikia vyema, bwana? Atulaze chooni?"

"Asema ni pasafi sana. Asema watoto wake wote amewazaa humo."

Kaka akanigeukia. "Mdogo wangu, hebu sikia. Watu wazaliwa chooni." Kisha akamwambia mkalimani kwa ile adabu yake inayouma, "Mpe bibi ahsante nyingi. Mwambie sisi kwetu tumezaliwa chumbani."

Kwetu neno ni moja. Choo ni pa kuogea na ni pa haja, ukuta mmoja. Huingii ila kwa dua, wala husali humo, na jina la Mungu hulitaji mpaka utoke. Kumwambia mgeni akalale chooni ni kumtukana yeye na waliomzaa. Na kiangazi kwetu ni lile jua linalopasua ardhi. Nyumba ya kiangazi tuliielewa kuwa nyumba iliyowekwa joto. Kumbe maana yake ni nyumba ya kukaa wakati wa jua tu, na jua likienda zake huachwa tupu.

Bibi hakuridhika. Alimshika kaka mkono wa kanzu, akajipiga kifuani mwake mwenyewe, akaonyesha tena kule chini, ambako moshi ulikuwa ukitoka. Kaka alijitoa polepole, maana mwanamke asiye wa kwao hamshiki mkono. Bibi akatazama mkono wake kama uliofanya kosa.

Bwana alikuwapo, amesimama na kiko chake. Kiswahili alikijua. Wafanyakazi wake shambani aliwatukana kwa Kiswahili safi kuliko changu. Na nyumba ile aliijua ni nini, kwa kuwa katika miji yote ya nyuma aliingia nyumba za namna hiyo na kutoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Nalimtazama nikingoja aseme neno. Neno moja tu. Akasema:

"Chagueni wenyewe. Msije mkasema Bwana amewachagulia."

Mimi moshi ule niliuona. Nikamwambia kaka, "Twende tukapatazame basi."

"Tukatazame choo?" akasema. "Una nini wewe?"

Yeye alikuwa mkubwa. Neno lake likishatoka, langu halikuwa na pa kukaa. Tukaingia nyumba ya vioo.

Sababu ya Bwana tuliiona kulipokucha. Nyumba ile ilitazama njia ambayo watu wa mji hupita wakipunga upepo kando ya ziwa. Tulipokuwa tukisali walisimama, wakawainua watoto wao waone vizuri. Bwana alikuwa nao nje, akiwaambia saa ya onyesho. Kule chini, penye moshi, nani angetuona?

Jiko halikuwamo. Tulivaa nguo zote tulizokuja nazo, tukajifunika mablanketi tuliyonunua kwa Banyani mmoja wa Malindi, na bado maji ya kutawadhia yalishika ngozi nyembamba juu. Kaka alinilaza upande wa ukuta, yeye akalala upande wa vioo. Kila nilipobisha akasema, "Nyamaza, mimi nina ndevu."

Ukumbini, watu wamejaa, pumzi yake ilikatika katikati ya wimbo. Haijapata kukatika. Watu wakapiga makofi wakidhani wimbo umekwisha. Kaka alisimama na zumari mdomoni, mashavu yamejaa, macho yananitazama, na hakuna kinachotoka. Nikaendelea kupiga ngoma peke yangu. Sikujua la kufanya jingine.

Nikamwendea Bwana. "Bwana, kaka yangu hawezi. Tuhamishe."

"Si niliwapa hiari?"



Aliyetuhamisha ni bibi. Alimwona kaka kupitia vioo, hakumwita mkalimani wala mtu. Alikuja na mtumishi wake wa kike, wakamfunga katika blanketi, wakambeba mpaka chini. Mimi nikawafuata na viatu vyake mkononi.

Kulikuwa na mbao zilizosuguliwa mpaka zikawa nyeupe. Kulikuwa na mawe yaliyopikwa kwa moto, ya kumwagiwa maji yatoe mvuke wa kuogea, na majani ya mti yaliyofungwa vishada, yananukia. Haja haikuwa na mahali humo. Joto lilinipokea usoni kama la kwetu adhuhuri, nikalia.

Kaka akafumbua macho. "Hapa ni wapi?"

"Ni pale pa bibi."

"Pale alipotwambia?"

"Ndipo."

Akapapasa ubao kwa kiganja. "Sasa yule mzee," akasema, "hakuweza kusema chumba?"

Alikaa humo siku chache, akila uji kwa mkono wa bibi bila ya kubisha tena. Kifua kilikuwa kimekwisha kwenda zake. Alikufa asubuhi, juu ya ubao ule wa joto, na mimi nikamuosha humo humo, maana bibi alishachemsha maji na kuleta shuka jeupe, kisha akatoka. Nilimsalia peke yangu.

Mkalimani alilia. "Sikujua neno jingine," akasema.

"Chumba, bwana. Nyumba. Hata banda. Maneno yamejaa tele."

Bwana alinipa pole, akangoja kidogo kwa adabu, kisha akaniuliza kama naweza kujifunza kupiga zumari.

Niliporudi Takaungu niliwasimulia watu mambo kama yalivyokuwa, na neno lile nikalitaja, kwani bila ya hilo kisa hakisemeki. Alasiri haijafika, mji mzima wajua kuwa kaka yangu kafia chooni. Shemeji zake wa Tezo walikuja matangani wakanong'ona. Nikaeleza joto, nikaeleza mawe, nikaeleza bibi na watoto wake. "Ati choo cha kuzalia?" wakasema, wakafunika midomo kwa vilemba. Hao nao nawaandika hapa, kila mmoja ajijue.

Mjane wa kaka alikuwa amekaa eda. Nikaketi nje ya pazia.

"Shemeji, nani aliyemuosha?"

"Mimi."

"Kwa maji gani?"

"Ya moto."

Nikangoja aniulize wapi, nikitafuta neno la kumpa, na sikulipata. Hakuniuliza.