Saa iliyonukia mchaichai

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlango wa bati umepandishwa nusu tu, kama jicho la mtu ambaye hajaamka vizuri. Ndani ya chumba kinachotosha meza moja na viti viwili, fundi saa ameketi juu ya kigoda, mgongo wima, viganja vimelala magotini. Amefumba macho.

Mbele yake kuna kisosi cheupe chenye pengo ukingoni. Katikati ya kisosi kuna kipande cha pamba, na juu ya pamba ameangusha matone mawili ya mafuta makali ya mchaichai. Chumba kizima kinanukia. Saa za ukutani, kumi na moja kwa jumla, zinagonga, kila moja na mwendo wake.

Upande wa pili wa ukuta, fundi viatu anaita bila kuinua kichwa.

"Sekunde! Upo, au nianze kuchangisha sanda?"

Fundi hafumbui macho. Pembe ya mdomo wake inacheza kidogo tu.

"Haya, kaa. Maadamu nasikia harufu, najua u hai. Maiti hanukii vizuri namna hiyo."

Dakika kumi zikiisha, fundi anafumbua macho. Anaunyoosha mkono wa kulia mbele ya mwanga na kuutazama. Umetulia. Ndipo anapandisha mlango wote na siku inaanza.

Mtaa mzima unamwita Sekunde. Ana umri wa miaka sitini na mmoja, na kati ya hiyo thelathini na minne ameitumia kutengeneza saa. Za betri anazitengeneza ili ale. Zile za kutia ufunguo anazitengeneza kwa sababu anazipenda.

Wengine huliita zoezi lake la asubuhi kutafakari. Yeye ana neno lake.

"Hii ni sevisi," anasema. "Mteja nikimpa saa, namwambia airudishe baada ya miaka mitatu niifanyie sevisi. Mimi mwenyewe nimekaa miaka karibu sitini hakuna aliyenifungua kifuniko!"

Hakuanza kwa kupenda. Miaka miwili iliyopita mke wake alifanyiwa upasuaji, akalazwa wiki saba. Mchana fundi alishinda dukani, na nyakati nyingine zote alikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Mke alipona, akarudi nyumbani na kuanza kulalamika kwamba sufuria zimeungua. Hapo ndipo mikono ya mume ilipoanza kutetemeka.

Daktari alimpima asione ugonjwa wowote. Alimwambia kwa upole kwamba mwili wake bado haujapata habari kuwa mgonjwa amerudi nyumbani. Alimtaka alale vizuri, apunguze kahawa, na awe na subira.

Mkono wa fundi viatu ukitetemeka, gundi itamwagika kidogo. Fundi saa hushika skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi. Ndani ya saa ya ufunguo mna uzi wa chuma mwembamba kama unywele, umejiviringa mara kadhaa; kibano kikiugusa vibaya mara moja, umepinda, na saa hiyo haina mwendo tena. Zamani alikuwa akipokea saa kumi na tano kwa wiki. Zikashuka mpaka nne, tena za kubadilisha betri tu. Wateja walikuja. Yeye ndiye aliyewarudisha.

"Nilimwambia mke wangu, nikiharibu saa moja tu ya mtu kwa mikono hii, naweka bisibisi chini," anasema. "Na nilikuwa sitanii."

Dawa ya utulivu ililetwa na huyo huyo mke. Wodini alikolazwa kulikuwa na muuguzi ambaye, zamu yake ikiisha, hakukimbilia nyumbani. Alibaki dakika kumi zake mwenyewe, akawaketisha wagonjwa waliokosa usingizi, akaweka pamba yenye tone la mchaichai katikati yao na kuwafundisha kuhesabu pumzi. Hakuna aliyemtuma.

"Alituambia mafuta hayaponyi kidonda," mke anakumbuka. "Kazi yake ni kama kitasa. Ukiisikia harufu ile ile kila siku, akili inajua kwamba mlango wa kutulia ndio huu."

Alipomweleza mumewe, alichekwa.

"Nikae tu, mama? Hata redio?"

"Hata redio."

"Halafu nifanye nini?"

"Upumue. Unadhani kupumzika kumetoka wapi? Si kwenye pumzi?"

Akamnunulia kichupa kidogo cha kahawia. Akamwonya asiyapake mafuta hayo mwilini, kwani ni makali na huunguza ngozi. Ni matone mawili kwenye pamba, basi. Siku za mwanzo fundi hakuvuka pumzi ya nne. Alikuwa akisikia saa moja ukutani inachelewa, anataka kuinuka airekebishe.

"Iache ichelewe," mke alimwambia. "Itakungoja."

Baada ya miezi minne mkono ulikuwa umetulia kiasi cha kumpa moyo. Akajiambia kwamba saa ya kwanza ya ufunguo itakayoingia mlangoni ataipokea.

Ikaingia mapema kuliko alivyotaka. Jumanne moja, akiwa bado kigodani, alisikia sauti chini ya mlango.

"Hodi hapa! Fundi, naona miguu yako, usijifiche."

Alikuwa mkunga mstaafu wa mtaa huo, amefunga kitu kwenye leso. Ilikuwa saa ndogo ya kuning'iniza kifuani, ile ambayo uso wake umegeuzwa ili anayeivaa aisome akiinamisha macho. Kwa miaka thelathini alihesabia mapigo ya moyo ya watoto kwa saa hiyo. Sasa mjukuu wake wa kike alikuwa amehitimu ukunga, na baada ya majuma mawili angeanza kazi siku ya Jumatatu.

"Nataka aingie wodini na hii," alisema bibi. "Simu anayo. Lakini huwezi kumshika mama mwenye uchungu huku umeshika simu."

Fundi aliinuka kwa haraka kumpokea, kichupa cha mchaichai kikiwa bado mkononi. Badala ya kukirudisha rafuni, akakiweka juu ya meza ya kazi.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Mafuta ya saa nayo huyaweka kwenye kichupa cha kahawia, kinachofanana na kile kama pacha. Na fundi akishaweka lenzi jichoni, dunia yake huishia ncha ya kidole. Alisafisha saa ya bibi, akachovya sindano kwenye kichupa kilichokuwa karibu, akatia mafuta kila mahali panapostahili mafuta. Harufu haikumshtua. Chumba kilikuwa kinanukia mchaichai tangu alfajiri.

Saa ikaanza kugonga. Alhamisi bibi akaichukua, akamwombea heri, akaenda zake. Fundi alitembea kurudi nyumbani akipiga mluzi.

Siku tisa baadaye, Jumamosi asubuhi, bibi alirudi na leso yake. Saa ilikuwa imesimama. Mjukuu alikuwa anaanza kazi keshokutwa.

"Haikuanguka, bibi?"

"Haikuanguka, haikulowa. Ilianza kuchoka choka, halafu ikanyamaza."

Fundi aliiweka mezani asiiguse. Aliamini moyoni kwamba ule uzi umepinda, na aliyeupinda ni yeye. Akampigia simu mkewe, naye akafika na kanga ya kupikia, hajapata hata nafasi ya kuibadilisha.

"Ifungue," mke alisema.

"Nikiifungua nitajua."

"Na usipoifungua, utakuwa fundi wa nini?"

Akaifungua. Hakuwahi hata kuweka lenzi. Harufu ilimfikia kwanza.

Fundi viatu, aliyekuwa ameegemea mlangoni kama msiba umeingia, alinusa hewa. "Jamani, mbona saa ya bibi inanukia chai?"

Kisha mke alianza kucheka, akajaribu kujizuia kwa sababu ya bibi, akashindwa. Fundi aliweka lenzi na kuinama. Ule uzi ulikuwa umekaa sawasawa, mviringo juu ya mviringo, kama siku ulipotoka kiwandani. Skrubu zote zilikuwa mahali pake. Mchaichai ulikuwa umeruka hewani, kama ilivyo desturi yake, ukaacha vyuma vikavu na utando wa kunata pembeni.

"Mkono ulifanya kazi yake yote," anasema sasa, na hata leo akilisema hilo anashusha pumzi ndefu. "Nilichokosea ni kichupa."

Angeweza kumwambia bibi kwamba saa imechakaa. Wapo ambao wangesema hivyo.

"Bibi, nisamehe," alisema. "Saa yako nimeitia mafuta ninayonusa mimi asubuhi. Kichupa chake nilikiacha mezani nilipoinuka kukupokea."

Bibi alimsogelea. Aliuchukua mkono wa fundi, akaugeuza kiganja juu, akaushika kwenye mshipa kama alivyozoea.

"Mikono ya hivi naijua," alisema. "Nimeiona kwa akina baba wengi wanaongoja nje ya mlango. Wakishapewa mtoto, inatulia. Na mimi nilibisha hodi kabla hujafungua. Mkunga mzima, kungoja dakika kumi nimeshindwa! Kosa tugawane."

"Tena nusu yake ni yangu," alisema fundi viatu. "Kila siku naambiwa nimwache mtu huyu atulie, najua tu kumpigia kelele."

Kwa saa tatu zilizofuata fundi viatu hakugonga msumari hata mmoja, maana ukuta ni wa pamoja na nyundo yake hutikisa meza ya jirani. Aliketi akishona kwa mkono viatu ambavyo siku nyingine angevigongea. Hakumwambia mtu kwa nini. Mke alishika tochi. Bibi alikaa kwenye kiti cha wateja, leso mapajani, bila kuuliza imefika wapi.

Fundi aliifungua saa yote, akaosha kila kipande kwa benzini, akakausha, akapanga upya. Kabla ya kutia mafuta alikinusa kichupa mara mbili, kisha akampa bibi naye akinuse.

"Hiki hakinuki kitu," bibi alisema.

"Basi ndicho chenyewe."

Saa saba mchana kigurudumu kidogo kilitikisika kushoto, kikaenda kulia, kikashika mwendo. Mke alizima tochi. Upande wa pili wa ukuta nyundo ilianza tena, taratibu kwanza.

Jumatatu mjukuu aliingia wodini akiwa na saa kifuani. Wiki hiyo hiyo bibi alileta habari kwamba tayari imehesabia watoto wawili, wote wa kike, na mmoja wao ana sauti ya kuuza samaki sokoni.

Sasa mke amekisokotea kichupa cha mchaichai uzi mwekundu wa sufu shingoni, na makao yake ni juu ya rafu, mbali na meza. Fundi anaendelea na sevisi yake kila asubuhi. Hamwambii mtu kwamba mafuta yameponya mkono. Anasema yalimsaidia kukaa, na kukaa kukamsaidia kushika.

Mpango wake ni mmoja. Anawatafuta wateja wote aliowarudisha mikono ilipokuwa ikitetemeka. Amewakumbuka tisa kufikia sasa, na wa kwanza ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Simu inaita kidogo, kisha inapokelewa.

"Mwalimu, ile saa yako ya ufunguo bado unayo?"

"Ipo kabatini imelala. Si uliniambia vipuri havipatikani?"

"Vipuri vilikuwepo, mwalimu," anasema Sekunde. "Aliyekosekana ni fundi. Ilete."