Nyota Mbele ya *fehu

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuifuta nyota. Nilikuwa nimepanga chumba Karatu mjini, najifunza Kijerumani kwa simu ili nipate kazi ya kuongoza watalii. Katika kutafuta asili ya Vieh, neno lao la mifugo, nikakutana na mzazi wake wa kale: *fehu. Nomino isiyo ya kiume wala ya kike, inaishia na u, inataja kundi zima la mifugo, na papo hapo inataja mali. Ile alama ya nyota mbele yake nikaiona pambo tu. Nikalikariri neno bila nyota.

Katika safari yangu ya majaribio, dereva ndiye angemwambia bosi kama nafaa. Yeye ni Mmaasai wa Oloipiri. Tulipoipita kreta, lile bonde la wanyamapori, ng'ombe wakafunga barabara. Nikaona zamu yangu imefika.

"Wazee wenu waliandika fehu," nikawaambia wageni kwa Kijerumani.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu wa lugha za kale, akatabasamu. "Waliandika wapi?"

Akanieleza taratibu kwamba lugha ile ya kale haikuacha maandishi ya neno hilo. Wataalamu walilinganisha maneno ya lugha zilizotokana nayo, wakakisia mzazi wa maneno hayo alikuwaje. Nyota ni ungamo: hatujaliona, ila tunaamini lilikuwa hivi.

Kosa moja hunifunga mdomo kutwa nzima. Dereva na mchungaji wa ng'ombe wale walikuwa wakisalimiana kwa Kimaasai kupitia dirisha la gari.

"Dogo, umemeza ulimi?" dereva akaniuliza. "Wageni wanangoja."

"Nimekosea, kaka."

"Umekosea la Wajerumani. Hawa ng'ombe ni wa kwetu. Sema!"

Nikamjaribia dereva kwanza kwa Kiswahili. "Sina hakika," nikaanza, "lakini nadhani wameulizana kwanza hali ya ng'ombe, kisha ya watoto."

"Watoto kwanza!" dereva akadakia, akicheka. "Halafu ng'ombe. Kwetu ukisema mali, umesema hao."

Nikawatafsiria wageni yote, hata ile "sina hakika" yangu. Yule mama akapiga makofi. "Umeona? Leo umeweka nyota."

Nikazungumza mpaka kwenye geti la hifadhi.

Jioni dereva alimwambia bosi, "Anafaa. Ila msimwache anyamaze."

Nawashukuru wote wawili, dereva na yule mama. Bado naogopa kukosea kabla ya kila safari. Ila siku hizi, nisipokuwa na hakika, nasema sina hakika, kisha naendelea kuzungumza.