Kuku Saba na Mtoto Mmoja

Juma hili nilipita kwenye duka la dawa za mifugo, hapa Kisangani, kutafuta dawa ya viroboto wa mbwa wangu. Mbele yangu papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba hapa kwetu, alikuwa ameleta kuku saba ndani ya kitunga, wachanjwe kabla peste ya kuku, yaani kideri, haijafika mtaani kwake. Kila mmoja alimfungua jicho taratibu kwa kidole gumba, muuzaji akatia tone, naye akambembeleza: "Pole, mama." Hakuuliza dawa imetoka wapi.

Mara wakaingia mama wawili wa kampeni ya polio na kisanduku chao cha barafu. Wakamwona binti wa yule papa, wa miaka miwili hivi, amekaa kwenye benchi.

"Papa, ni matone mbili tu, mu kinywa."

Papa akamfunika mtoto mdomo kwa kiganja kilekile chenye manyoya ya kuku.

"Apana. Dawa ya bure iko na kitu ndani. Mutoto wangu iko mu mikono ya Mungu."

Mama mmoja akakitazama kitunga.

"Bon. Na kuku?"

Papa akashangaa kuulizwa.

"Kuku niliachiaka Mungu mwaka jana, mama. Zote zikakufa."

Mama wakaandika kwenye daftari kwamba mzazi amekataa, wakaondoka. Mimi nikalipia dawa yangu ya viroboto nikaenda zangu, maana mfugaji mwenye uzoefu habishiwi. Ila tangu siku hiyo namwombea yule binti jambo moja tu: aanze kutaga upesi.