Ubao wa Karandinga

Miaka ile redio ilipotuambia kila siku kwamba mabasi ya jiji ni mali ya umma, mimi nilikuwa sehemu ya umma isiyoweza kuyapanda. Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa na miaka minne, na wa kulia ukabaki na nguvu ya kunisimamisha tu. Nilitembea kwa magongo mawili na chuma cha mguu kilichofungwa kwa mikanda ya ngozi. Kazi nilikuwa nayo, tena nzuri: opereta wa simu katika ofisi moja ya serikali kule Posta. Wakubwa wengi waliijua sauti yangu bila kuwahi kuniona, na waliponiona ilikuwa dhahiri kwamba wangependa kubaki na sauti.

Nilipanga chumba Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Kutoka pale mpaka Posta si mbali kwa mwenye miguu. Kwangu ilikuwa zaidi ya saa nzima juani, nikipishana na mikokoteni na wapagazi wa magunia. Basi lilikuwapo, lakini ngazi yake ya kwanza ilinifikia juu ya goti, na kondakta alikuwa amekwisha gonga bati kabla sijainua gongo la pili. Siku nyingine wanaume wawili walininyanyua bila kuniuliza, mmoja akanishika kwapani, mwenzake pale alipopenda mwenyewe, kisha abiria wote wakawasifu kwa utu wao. Nilijifunza mapema kuwaogopa watu wema.

Kituoni nako kulikuwa na yake. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa saruji, gauni la kazini limepigwa pasi, mkononi nina kikombe cha kahawa chungu nilichonunua kwa muuza kahawa wa pale pale. Bwana mmoja mwenye mkoba akapita, akanidondoshea senti hamsini ndani ya kikombe, kahawa ikanirukia kifuani. Nilimwambia kwamba hiyo ilikuwa kahawa yangu. Akaniambia nimwombee dua.

Basi, ofisi moja ya jiji ikaunda kamati ya usafiri wa wasiojiweza. Hilo ndilo lilikuwa neno lao. Barua ikanijia kazini kwamba nimeteuliwa kuwa mjumbe kwa niaba ya wenzangu, ingawa hakuna mwenzangu hata mmoja aliyeulizwa. Kikao kilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa imekufa tangu msimu wa mvua. Nilipanda ngazi zile kwa makalio, kinyumenyume, moja baada ya nyingine, nikiyavuta magongo nyuma yangu, sketi ikizoa vumbi la jengo zima. Makarani walinipisha kwa adabu, mafaili mkononi. Nilipofika mlangoni, jasho likinitoka, kamati ilikuwa katika ajenda ya nne.

"Ndugu mjumbe," mwenyekiti alisema, "hapa tunajitahidi kutunza muda."

Alikuwa bwana mnene wa suti ya mikono mifupi, mwenye gari la ofisi na dereva, na naamini hakuwa amekanyaga basi tangu apewe cheo. Chai ilikuja na sukari tele, miezi ambayo sisi Kariakoo tulipanga foleni tangu alfajiri kwa robo kilo. Walizungumza muda mrefu kama tuitwe wasiojiweza au wasiobahatika. Halafu wakaazimia kwamba viti viwili vya mbele katika kila basi vipakwe rangi ya njano na kuandikwa kuwa ni vyetu.

Nikanyoosha mkono. Niliwaambia kwamba viti havinisumbui, nikishafika ndani naweza kukaa hata sakafuni. Taabu yangu ni ile ngazi, wanisaidie kufika ndani. Mwenyekiti akasema ni pendekezo zuri, lakini linahitaji wataalamu na fedha za kigeni. Mjumbe aliyekaa karibu naye akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyekuwa na wataalamu nyumbani ila amewasahau.

Viti vilipakwa rangi kweli. Kwa siku kadhaa mji ulijaa watu wenye mistari ya njano makalioni. Baadaye rangi ikakauka, na vijana wenye mapaja kama magogo wakavikalia bila wasiwasi. Nani angewaondoa? Wenye viti tulikuwa chini, tunaangalia moshi.

Miezi mingi ya vikao ikapita, mimi nikipanda ngazi zile kwa makalio, mpaka ulipokuja msako wa wazururaji na ombaomba. Mgambo wawili walinikuta kituoni. Hawakuuliza jina wala kazi. Waliyaona magongo, na kwao magongo yalikuwa ushahidi wa kutosha. Niliwaambia kitambulisho kimo mkobani, wakasema nitakionyesha huko mbele. Muuza kahawa akajaribu kunitetea, akaambiwa kama anapenda sana aje naye.

Karandinga, lori lao la kubebea waliokamatwa, lilikuwa limesimama kwenye kona. Hapo ndipo nilipouona ubao. Ulikuwa mpana, umelazwa kutoka ardhini mpaka kwenye sakafu ya gari, umepigiliwa vipande vya mti ili mguu usiteleze, na kamba pembeni ya kushika. Nikaweka gongo la kwanza, nikaweka la pili, nikapanda. Hakuna aliyenigusa. Katika maisha yangu yote mjini, hilo ndilo gari la kwanza la umma nililolipanda mwenyewe, taratibu, nikiwa nimesimama wima.

Ndani nilikaa karibu na mzee mmoja kipofu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akanieleza kwamba hii ni mara yake ya tatu kukamatwa. Zamani, alisema, walikuwa wanarushwa ndani kama mikungu ya ndizi. Ubao huu ni mpya. Aliusifu. Alisema walioufanya wana akili.

Tulipofika uani kwao, mkubwa wa msako alisoma kitambulisho changu mara mbili. Kisha akaniangalia na kuniuliza kama mimi ndiye yule wa simu. Nikamjibu kwa sauti ya kazini, ileile ya kumwomba asubiri kidogo namtafutia laini. Akasimama. Akaomba radhi, akaniletea kiti, akawafokea mgambo wake mbele yangu. Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Ule ubao kautengeneza nani?"

"Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani," alisema. "Hawa watu walikuwa wanatuchelewesha kupakia."

"Alichukua siku ngapi?"

"Siku? Asubuhi moja."

Nilimwomba amwachie na mzee kipofu. Akasema haiwezekani, mzee hana mwajiri, atapelekwa kijijini akalime. Kipofu wa miaka sabini, akalime. Nilibishana kidogo, si sana, kwa sababu nilikuwa nachelewa kazini na nilifurahi mno kuachiwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kushuka kwa ubao uleule, yeye akabaki garini. Dharau ninayoisimulia hapa siwatupii wengine yote. Fungu langu nalijua.

Katika kikao kilichofuata nilipanda ghorofa zile tatu kwa mara ya mwisho na kuwaeleza yaliyonikuta. Nilieleza ubao, vipande vya mti, kamba, na ile asubuhi moja. Mwenyekiti alinisikiliza huku akikoroga chai. Akasema nisichanganye mambo, ile ilikuwa operesheni na ilikuwa na fungu lake.

"Kwa hiyo," nilisema, "mkitaka kunitupa mnajua kunipandisha. Nikitaka kwenda kazini, mnangoja wataalamu."

Karani wa kikao akauliza aandike nini. Mwenyekiti akafikiri, akasema aandike kuwa mjumbe alitoa maelezo na kuishukuru kamati. Nikachukua magongo yangu, nikashuka, sikurudi tena.

Jumamosi ile nilikwenda Gerezani kumtafuta fundi. Alikuwa mtu wa Lindi, mpole, asiyependa maneno mengi. Nilimweleza shida yangu mara moja tu. Jumatatu asubuhi akaja kituoni na futi yake ya mbao, akangoja basi, na lilipofika akainama akapima ngazi huku kondakta akimtukana. Siku ya tatu akaleta ubao mwembamba kuliko ule wa karandinga, wenye vyuma viwili vya kunasa kwenye ngazi. Muuza kahawa akakubali kuuhifadhi.

Alibaki dereva. Basi letu la asubuhi liliendeshwa na mzee mmoja wa Kizaramo mwenye kofia ya viua. Nilimpa shikamoo, nikamwomba anisubiri nipande kwa ubao wangu. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza.

"Mimi nasubiri magunia ya mkaa yapakiwe," alisema, "nitashindwa kukusubiri wewe?"

Hayo ndiyo yalikuwa utaalamu na fedha za kigeni. Wiki ya kwanza watu walicheka. Ya pili, mama mjamzito akapanda nyuma yangu kwa ubao ule, akifuatwa na bibi mwenye kapu la samaki. Baada ya mwezi, waliocheka walikuwa wanagombana nani atangulie kuuweka. Nikafika kazini kwa wakati, miguu haijavimba, na nikagundua kwamba asubuhi ni wakati mzuri. Nilikuwa sijawahi kuujua.

Kamati ikapata habari. Walikuja kwa magari mawili na mpiga picha. Mwenyekiti aliweka mkono juu ya ubao, akatabasamu, nami nikaombwa nisogee kidogo kwa sababu magongo yalikuwa yanaziba. Gazeti likaandika kwamba kamati, baada ya uchunguzi wa muda mrefu, imebuni ubao. Halafu wakauchukua. Walisema ni mfano wa kuwaonyesha wageni, na utarudishwa. Nilisikia kwa tarishi wao kwamba uliwekwa ukumbini, ghorofa ya tatu, umeegemezwa ukutani.

Tukatengeneza mwingine. Huo hatukumwonyesha mtu. Kila alipotokea bwana mwenye faili, muuza kahawa aliuweka juu ya matofali mawili, akaukalia, akasema ni benchi lake la biashara.

Ulitutumikia karibu miaka miwili, mpaka basi la mzee likalazwa kwa kukosa tairi. Lililoletwa badala yake lilikuwa na ngazi ya namna nyingine na vyuma vyetu havikunasa. Fundi akaja tena kupima. Dereva mpya alikuwa kijana, mwenye haraka, na ilituchukua wiki tatu za kusimama mbele ya basi lake, mimi, bibi wa samaki na muuza kahawa, mpaka akaelewa. Hatukumwandikia mtu barua.